Siku Minza Alipopotea Kwenye Kioo cha Kompyuta

Wanangu, pamoja na nyinyi wajukuu mnaojiita wanangu ili muonekane wakubwa, mimi nimestaafu. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa Shinyanga kuna watu ambao bado hawajalisikia. Asubuhi nafungua mlango nikamwagilie mchicha wangu, nakuta kijana ameshakaa barazani, simu mkononi. "Shikamoo, Mwalimu. Nimetumiwa tangazo la ufadhili wa kusoma nje, nikaona nije kwako kwanza." Marahaba. Chai sijanywa, lakini marahaba.

Sichukii. Ningekuwa nachukia ningenunua mbwa. Nimefundisha Kemia Kishapu, nikafundisha Didia, nikamalizia mkoa wa Geita, na kote huko kazi ya kuwasaidia vijana kuomba ufadhili wa serikali za nje ilinifuata bila kuandikwa kwenye barua yoyote ya ajira. Unamsaidia mmoja, anafanikiwa, anaenda kwao kutangaza, kesho wanakuja na binamu zake. Sasa nimechoka kurudia maneno yale yale kila asubuhi huku mchicha unanyauka, ndiyo maana nayaandika. Mkishasoma, njooni mnisalimie tu. Mkija na sukari sitakataa.

Aliyenifundisha kusoma tangazo ni mkuu wangu wa kwanza wa shule, Mzee Lugata, kule Kishapu. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye koti moja la kijivu ambalo hata joto la Oktoba halikuweza kumvua. Enzi hizo matangazo yalikuja kwa posta, yamechoka njiani, mengine yakifika baada ya tarehe ya mwisho kupita. Mzee Lugata alikuwa akilibandika tangazo ubaoni, anatuita walimu vijana, kisha anaweka kidole kwenye mstari wa chini kabisa. "Juu wameandika ya kukufurahisha," anasema. "Chini wameandika wanachotaka. Anzeni chini."

Tulimcheka pembeni, mpaka yalipomkuta mwenzetu mmoja wa somo la Jiografia. Huyu alisoma juu tu: nauli italipwa, malazi yatalipwa, posho itatolewa. Akaaga ukweni, na wakwe wakamchinjia mbuzi. Alipokuja kufika chini ya tangazo akakuta nafasi zile ni za mabwana shamba. Alirudi shuleni kanywea. Mzee Lugata akamuuliza, "Mbuzi ulimla?" Akasema alimla. "Basi hukupoteza vyote," akasema Mzee, akaenda zake darasani.

Kwa hiyo anzeni chini. Umri, miaka ya kazi, fani wanayoitaka, vyeti gani vigongwe muhuri na wakili, hati ya kusafiria wanaitaka sasa au baadaye. Ukiona sharti moja linakukataa, shukuru, funga simu, kanywe maji. Umeokoa mwezi mzima. Na sharti ambalo hulielewi usilipite kwa kudhani, waandikie uwaulize. Nimeona vijana wengi wanaogopa kuuliza swali moja, halafu hawaogopi kulala mlangoni kwangu.

Picha nazo. Wakisema picha yenye nyuma nyeupe, wana maana ukuta mweupe. Pale Mhunze, mji mdogo wa Kishapu, palikuwa na mpiga picha ambaye nyuma ya kiti chake alikuwa amechora ndege inapaa, na vijana walimpenda sana kwa sababu hiyo. Mwanafunzi wangu mmoja alituma picha ile kwenye maombi. Nilipomuuliza akasema aliona inafaa, maana ndiko anakotaka kwenda. Hakwenda. Mwingine alikuwa na anwani ya barua pepe iliyoanza na "tajirimtata". Nikamwambia, mwanangu, unaomba msaada wa serikali ya watu halafu unajitambulisha kuwa tajiri, tena mtata.

Barua za wadhamini ndizo zilizonichekesha kuliko vyote. Msimpe mtu aandike barua bila kumweleza mnaomba nini. Mtendaji wa kijiji kimoja, mtu mwema kabisa, alimwandikia kijana wake kwamba "hajawahi kuhusika na wizi wa ng'ombe." Kwetu hiyo ni sifa kubwa, mtu anaweza kuozeshwa kwa barua ile. Lakini mzungu anayeisoma akiwa ofisini kwake anaanza kujiuliza maswali ambayo hakuwa nayo.

Na kwa nyinyi wa Geita, mliozoea kwamba kila kitu kina dalali: ufadhili wa serikali hauna dalali. Anayekuambia anamjua mtu ndani, mwambie amsalimie.

Haya yote ni madogo, yanarekebishika. Lililowashinda vijana wetu kwa miaka mingi ni jingine, na nimeona nilieleze kwa kisa cha Minza, maana yeye ndiye aliyenifundisha namna ya kulitatua.

Minza alikuwa mwanafunzi wangu Nyarugusu, kwenye machimbo ya Geita. Kwao asili ni Kishapu, lakini mama yake alihamia machimboni Minza akiwa mdogo, akapata kazi kwenye mwalo, yaani pale wanapoosha mchanga uliosagwa ili kupata dhahabu. Kazi yenyewe mnaijua. Unaweka mchanga kwenye beseni, unatia zebaki, unachanganya kwa mikono mitupu mpaka zebaki iikamate dhahabu. Mama Minza aliifanya kazi hiyo kutwa, mwaka hadi mwaka, na kwa mikono ile akamsomesha binti yake mpaka chuo kikuu. Minza akachukua shahada ya Kemia, akarudi Nyarugusu, akawa anajitolea kufundisha shuleni kwangu.

Siku moja alinikaribisha kwao. Mama Minza akanimiminia chai, na nusu ya chai ikaishia kwenye kisahani, kwa jinsi mikono ilivyokuwa inatetemeka. Akacheka. "Kunywa, Mwalimu. Na kisahani nacho kina kiu." Mimi sikuweza kucheka. Daktari alishamwambia kwamba ni zebaki imemwingia, na kwamba akiendelea itakuwa mbaya zaidi. Nikaanza kumshauri kama tunavyojua sisi walimu kushauri, naye akaniacha nimalize.

"Mwalimu, zebaki mimi nimeikuta hapa," akasema. "Kila anayekuja ananiambia niache. Hakuna anayeniambia nile nini. Siku mtu akinionyesha njia nyingine, nikaiona dhahabu inatoka kwa macho yangu mwenyewe, naacha siku hiyo hiyo."

Minza alikuwa uani anaosha vyombo. Sauti ya vyombo ilikatika, kisha ikaendelea.

Ndipo nikaelewa kwa nini alikuwa anang'ang'ania ule ufadhili. Serikali ya nchi moja yenye theluji ilikuwa inatoa nafasi za shahada ya pili, na mojawapo ilikuwa ya uchenjuaji wa madini, hasa njia za kutoa dhahabu bila zebaki. Mwaka uliotangulia Minza aliomba, akakataliwa. Mwaka ule alikuwa ukingoni mwa umri waliouweka. Ukipita, basi.

Nikamwambia aniletee yale maelezo binafsi aliyotuma mara ya kwanza. Nitawatafsiria mwanzo wake: "Mimi ni msichana wa kawaida kutoka familia ya kawaida. Ninaomba nafasi hii iwapo hakuna mwingine anayestahili zaidi."

"Minza," nikasema, "si wamempata huyo mwingine?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wewe ndiye uliyewatuma wakamtafute."

Akainamisha kichwa. Hili ndilo nililokuwa nalisema. Mtoto aliyelelewa vizuri kwetu huku hajisifu. Anayejisifu ni mlevi au mwimbaji wa ngoma, tena mwimbaji tunamlipa. Binti wa Kisukuma akisifiwa anaziba mdomo kwa kanga, anasema ni kazi ya Mungu. Malezi hayo nayapenda, mimi mwenyewe niliyezaliwa mjini kwa wauza vitambaa nimeyaonea wivu. Lakini fomu ya ufadhili inakuuliza wewe ni nani na kwa nini tukuchukue, na malezi yanakujibu nyamaza, kuna wakubwa.

Tulihangaika. Nikimwambia andika kwamba una bidii, anaandika "nadhani nina bidii kiasi." Nikimwambia futa nadhani, anafuta bidii.

Aliyetuokoa ni mjomba wake, Mzee Masunga, kaka wa Mama Minza, mfanyabiashara wa ng'ombe kwenye mnada wa Mhunze. Alikuja kumsalimia dada yake, kaleta mfuko wa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, akatukuta tumekaa na karatasi, Minza machozi yanamlenga. Akaketi, akaanza kutafuna michembe na kutusikiliza.

Nikamgeukia, nusu kwa hasira. "Mzee Masunga, wewe ukimpeleka ng'ombe mnadani, humsifu?"

"Ng'ombe hasifiwi, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Ukimsifu, wanunuzi wanaondoka, wanajua ana ugonjwa. Unasema alichofanya. Huyu alilima shamba la mtoni lote, mwaka ule wa mvua nyingi. Huyu kazaa, ndama wake yule pale. Huyu hata watoto wanamchunga. Halafu unanyamaza, unamwacha mtu amtazame."

"Haya, niuzie Minza."

Alicheka mpaka michembe ikampalia. Dada yake akaja na maji. "Mayu, huyu ni mpwa wangu," akasema alipopata pumzi. "Kwanza bei yake huiwezi." Kisha akamtazama Minza kwa muda, kichwa amekiinamisha upande, kama nilivyowaona wakitazama mifugo pale Mhunze, na sauti yake ikabadilika.

"Huyu alimaliza chuo akarudi. Wenzake walibaki mjini. Akakuta akina mama wanaoshea zebaki pembeni ya kisima cha maji ya kunywa. Mkutano wa kijiji ulishakataza, hawakusikia. Wanaume walishapiga kelele, hawakusikia. Huyu hakumshtaki mtu. Alizunguka kwa mama mmoja mmoja, akarudi tena, akarudi tena, mpaka mabeseni yote yakahama yakaenda bondeni. Yako huko mpaka leo." Halafu akanyamaza, akachukua mchembe mwingine.

Nikamgeukia Minza. "Hili mbona hukuliandika?"

"Hilo nalo la kuandika, Mwalimu? Si mabeseni tu?"

Nilitaka kumpiga na karatasi. Tukaandika upya siku ile ile, na mjomba anasimamia. Kila Minza alipoingiza neno la unyonge, Mzee Masunga aligonga meza. "Alifanya nini? Sema alichofanya. Nyamaza." Ndiyo kanuni, wanangu, na nimeitumia kwa kila kijana tangu siku ile. Usiandike wewe ni hodari. Andika ulichofanya, wapi, na kilichobadilika, kisha nyamaza. Hujajisifu, mama hatakasirika, na mnunuzi amemwona ng'ombe.

Maombi yakaenda. Zamani tungempa kondakta wa basi bahasha tukaomba dua, siku hizi unabonyeza, kisha dua ile ile. Baada ya wiki kadhaa likaja jibu: Minza ameitwa kwenye usaili, kwa njia ya mtandao.

Tukafanya mazoezi hadi walimu wenzangu wakatukimbia. Nilikuwa mimi mwenyekiti, mimi jopo, mimi mzungu mkali. Tulifanya maswali ya zebaki, maswali ya masomo, swali la "utarudi nyumbani?" ambalo halikosi. Kila kitu tulikifanyia mazoezi isipokuwa salamu. Nani afanye mazoezi ya salamu?

Siku yenyewe tuliomba chumba cha kompyuta cha shule moja mjini Geita, maana mtandao wa Nyarugusu ulikuwa na tabia zake. Barua ya usaili ilisema mwombaji awe peke yake chumbani. Nikamkalisha, nikaisogeza kamera imwone kuanzia kifuani, nikatoka, nikafunga mlango. Barua haikusema lolote juu ya dirisha. Nikasimama nje dirishani, nyuma ya pazia kidogo, pale ninapoona kioo cha kompyuta na mgongo wa Minza.

Wakatokea watu watatu. Mama mmoja mwenye miwani, kijana mmoja, na katikati mzee wa makamo ya babu yake Minza, nywele zote nyeupe. Minza alipomwona mzee yule, mwili wake haukumuuliza ruhusa. Aliteleza kutoka kwenye kiti, akapiga goti chini ya meza, akasema, "Shikamoo, mzee."

Kule kwenye kioo kikabaki kiti.

Mnajua binti wa Kisukuma akishapiga goti. Haamki mpaka aitikiwe. Ndiyo adabu yenyewe, kuamka kabla ya marahaba ni kumwambia mkubwa kwamba hukuwa na haja naye. Na mzee wa watu atajuaje? Naona wanatazamana. "Haloo? Unatusikia?" Kimya. Minza yuko chini ya meza, kichwa kimeinama, anasubiri haki yake. Nikaanza kumwonyesha ishara dirishani, juu, juu, inuka, lakini ananionaje na uso uko sakafuni? Mama mwenye miwani akasema, namtafsiri, "Naona mtandao umemkata. Tumwite anayefuata, tukipata muda tutamrudia."

Nikamkumbuka Mama Minza na kile kisahani. Nilitaka kupiga kelele, lakini nikipiga kelele nimeshamharibia, watajua mwombaji hakuwa peke yake. Nikashika nondo za dirisha kama mtu wa mahabusu.

Wakati huo huo akapita mpishi wa shule, Mama Kabula, na kikapu chake cha mboga kichwani. Mama Kabula ni mtu mzima lakini mdogo kwangu, naye ana adabu zake. Akanikuta nimeng'ang'ania nondo, macho yamenitoka. Akatua kikapu, akapiga goti hapo hapo kwenye kokoto. "Shikamoo, Mwalimu."

Nikampungia mkono aondoke. Hakuondoka, bila shaka. Goti chini, anasubiri. Nikaona hapa sina ujanja, nikamjibu kwa hasira na kwa sauti kuliko nilivyokusudia: "Marahaba!"

Minza akainuka.

Alichomoza kwenye kioo taratibu, kitambaa cha kichwa kwanza, kisha uso umetulia kabisa, mtu ambaye ameitikiwa na sasa yuko tayari kuongea. Kijana wa kule aliruka kwenye kiti chake. Mama mwenye miwani akashika kifua. Mzee mwenye nywele nyeupe ndiye pekee aliyebaki alivyo. Akauliza, pole pole, "Ulikuwa umekwenda wapi?"

Minza akaona kosa lake, na nikaona mgongo wake umekakamaa. Nikajua sasa ataomba radhi mpaka muda uishe. Lakini akavuta pumzi, akasema alichofanya. "Nilikuwa nakusalimia. Kwetu mkubwa anasalimiwa kwa goti, na huinuki mpaka akujibu."

"Na mimi sikukujibu?"

"Hukujua, mzee."

Mzee akatabasamu, akaangalia karatasi zake. Akasema Minza ameandika kwamba alihamisha mabeseni ya zebaki kutoka kwenye kisima, wakati kijiji kizima kilishindwa. Yeye amekaa na wachimbaji wa nchi nyingi, na hajawahi kuona watu wanaacha mazoea yao kwa kuambiwa. Akataka kujua alitumia mbinu gani.

Swali hilo hatukulifanyia mazoezi. Minza akasema, "Hii hii niliyofanya sasa hivi. Wengine walikwenda wamesimama, wakawaambia akina mama wanakosea. Mimi nilipiga goti kwa kila mama, nikasalimia, nikasubiri. Mwingine alinikasirikia akakataa kuitikia, nikabaki chini mpaka akaitikia. Akishaitikia, tunaongea. Mimi ni mtoto wao, nimerudi na kitu nilichojifunza."

Yule mama alivua miwani, akaipangusa. Mimi nje nilikuwa nalia wazi wazi, na Mama Kabula, ambaye hakuelewa neno hata moja la Kiingereza, akaanza kulia pamoja nami kwa heshima.

Mwisho wa usaili mzee aliuliza kwetu mkubwa anajibu nini. Minza akamfundisha. Wakajaribu wote watatu, kila mmoja na yake, na ya yule kijana sitaiandika hapa. Lakini ilikuwa marahaba, na mtu anayeitikiwa na watatu si wa kawaida tena.

Alipata. Habari zilipofika, Mama Minza alipiga vigelegele mpaka wachimbaji wakadhani kuna mtu kapata jiwe la dhahabu. Mzee Masunga alituma ujumbe kutoka Mhunze: mnunuzi kaona. Wiki ya kuondoka, mama alimfungia blanketi lake mwenyewe, lile zito, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba kule yapo.

Sasa nyinyi mnafikiri kisa kimeishia uwanja wa ndege, kwa sababu mnafikiri ufadhili ni kwenda. Nimewaambia wote waliokaa barazani kwangu, na nitawaambia tena: wale watu hawakulipi nauli ya kwenda tu.

Kiangazi kilichopita Minza alirudi. Alikaa kwanza Geita kwa fundi wa kuchomelea, mchoro mkononi, wakatengeneza meza ya chuma, pana, imeinama kidogo, yenye mifereji myembamba na mota chini yake. Wakaipakia kwenye lori mpaka Nyarugusu, wakaifunga pale bondeni kwenye mabeseni. Mimi nilitumiwa nauli na kuagizwa nisikose. Mzee Masunga alikuwepo, na michembe. Akina mama wa mwalo wote walisimama wamefunga mikono, maana walishaona wataalamu wengi wakija na mashine na kuondoka nazo.

Minza, na buti zake na ovaroli ya huko alikotoka, akapita katikati ya watu mpaka kwa mama yake, akapiga goti kwenye tope.

"Shikamoo, mama."

Mama Minza hakujibu upesi. Alimtazama, akaitazama meza, akamtazama tena. Nasi sote tukasubiri, kwa sababu kule hakuna anayeharakisha jambo hilo.

"Marahaba," akasema. "Inuka unionyeshe."

Wakawasha mota. Meza ikaanza kutikisika, maji yakatiririka juu yake, mchanga ukamwagwa. Mchanga ukateremka upande huu, na upande ule, polepole, ukatokea mstari mwembamba wa manjano. Hakuna aliyeshangilia. Watu wa machimbo hawashangilii kitu ambacho hakijashikwa. Mama Minza akasogea, akachota kwa ncha ya kidole, akageuza juani, akasugua.

"Ni yenyewe," akasema.

Vigelegele vikataka kuanza, lakini yeye alikuwa ameshaificha mikono ndani ya kanga. "Lakini mashine ni ya wenye mikono imara," akasema. "Hii yangu mnaiona wenyewe."

Minza akamshika mkono, akautoa kwenye kanga, akauweka kwenye ukingo wa meza iliyokuwa inafanya kazi. Mkono na meza vikatetemeka pamoja.

"Hata yenyewe inatetemeka toka iwashwe, mama," akasema. "Ndiyo kazi yake. Mtaelewana."

Mama Minza akacheka. Alicheka mpaka ikabidi ashike bega la kaka yake, nasi tukacheka, na mimi nililia tena, nimeshazeeka, nalia ovyo. Kisha akashika pembe ya kanga yake, pale alipokuwa amefunga fundo, akaanza kulifungua. Vidole vilimsumbua na ilichukua muda, lakini hakuna aliyenyoosha mkono kumsaidia. Ndani yake kilikuwa kichupa cha zebaki. Akakiweka kwenye kiganja cha Minza, akamfumba vidole.

"Wewe ndiye unayejua pa kuipeleka," akasema. "Mimi nilisema siku hiyo hiyo."